Gari Lililokula Vyerehani

Kabla hajanunua gari, baba yangu mdogo alikuwa na vyerehani vinne. Navitaja kwa mpangilio wa kuondoka kwao, maana ndivyo tunavyovikumbuka nyumbani: overloki ya kufunga kingo zisifumuke, mashine ya matundu ya vifungo, cherehani cha kukanyaga, na ile mashine kubwa ya umeme aliyoibandika jina la Bi Mkubwa. Mama Mdogo, ambaye ni mke wake wa ndoa na wa pekee, hakulipenda jina hilo hata siku moja.

Duka ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Meza ndefu ya kukatia, pasi, rafu ya vitambaa, na kioo chenye ufa unaompa kila mteja mabega mawili yasiyolingana. Mteja akilalamika, Baba Mdogo alimjibu kuwa ufa ni wa kioo, mabega ni yake. Alishona humo miaka thelathini na moja. Suti, sare za shule, majoho ya kwaya, suruali za watu wanene wanaojiambia kila mwaka kwamba kitambaa ndicho kimenywea kwenye maji.

Kila asubuhi, kabla ya salamu, kabla hata ya kuvua koti, alichukua kopo lake la oili. Kopo dogo la bati lenye mdomo mrefu mwembamba kama wa korongo. Tone moja kwenye kila tundu, anazungusha gurudumu kwa mkono, halafu anapitisha kitambaa chakavu chini ya sindano kinyonye kilichozidi. Mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukija na haraka zako utasubiri.

"Mashine haifi kwa kazi," alisema. "Inakufa kwa kiu."

Na ni kweli, katika miaka hiyo yote hakuna hata moja iliyowahi kumlaza njaa. Sijui kama kuna daktari wa binadamu anayeweza kusema hivyo juu ya wagonjwa wake.

Kilichomponza ni kampuni moja ya walinzi. Walitaka sare mia tatu, shati na suruali, na aliyepata kazi hiyo angeipata tena kila mwaka. Baba Mdogo alikwenda kwao mara mbili kwa miguu, sampuli ndani ya mfuko, futi ikining'inia shingoni kama stethoskopu. Mara ya kwanza mlinzi wa getini alimwambia mafundi wanapitia mlango wa nyuma. Mara ya pili alipitia huo mlango wa nyuma, akafika jikoni, wakampa kikombe cha chai wakidhani amekuja kuziba bomba. Meneja hakumwona. Alirudi, akakaa kwenye Bi Mkubwa akashona mifuko kumi na miwili mfululizo. Mama Mdogo akaninong'oneza, "Huyu leo amedharauliwa. Akiwa na njaa huwa anashona pindo."

Wiki ileile akaja Mkandarasi. Huyu alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa tumbo linalokua kuliko majengo yake. Alikuja kupanuliwa suruali, na gari lake akaliegesha mlangoni, likaziba mwanga wote dukani. Kubwa, jeusi, juu kama ghorofa, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Lilikuwa na kitufe cha kupasha kiti joto, katika mji ambao watu wanalala na madirisha wazi mwaka mzima.

"Naliuza," Mkandarasi alisema, mikono juu, tumbo ndani ya futi. "Bei ya kutupa."

"Kwa nini ulitupe?" Baba Mdogo akauliza.

"Nimelichoka tu."

"Lina ugonjwa?"

"Halina ugonjwa. Linapenda oili kidogo. Usiliache likakaukiwa, basi."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa onyo. Kwa Baba Mdogo lilikuwa sifa. Nilimwona uso ukimfunguka, kama mtu aliyeambiwa bibi harusi anajua kushona.

Akiba ya duka ilikwenda yote, na ndani ya akiba hiyo mlikuwa na karo yangu ya mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea diploma ya ufundi mitambo. Aliniita mezani akaniambia, "Mwanangu, utaahirisha muhula mmoja. Kazi ya walinzi ikija unarudi na viatu vipya." Nilimjibu kwamba sina haraka, vyuma havizeeki. Watu wakacheka. Mimi ndiye mcheshi wa nyumba, kazi yangu ni hiyo. Lakini moyoni niliapa sitakaa ndani ya gari lile hata likija kunibeba maiti.

Na mjue, gari lilifanya kazi yake. Baba Mdogo alivaa suti yake mwenyewe, akaingia kwa geti la mbele. Mlinzi yuleyule akapiga saluti, kwenye sare mbovu ambayo fundi aliyemo garini aliikagua kwa dirisha: kola imelala, kwapa limefumuka. Meneja alitoka nje kumlaki. Baada ya saa moja alirudi na mkataba. Sare mia tatu kwa wiki kumi. Akichelewa, mkataba unakufa, na kitambaa chao anakirudisha. Akiwahi, ni kazi ya kila mwaka: mimi narudi chuo, gari limejilipa, duka limesimama. Kila mtu nyumbani aliujua mkataba huo kwa kichwa. Hata mtoto wa jirani angeweza kukuambia zimebaki wiki ngapi.

Sasa tulijue gari lenyewe.

Kwanza, halikuwa na stiki ya kupimia oili. Ukifungua boneti unakuta plastiki tupu, nyeusi, imefunika kila kitu kama meza ya wageni. Watengenezaji waliona tajiri hapaswi kushika kijiti chenye mafuta, wakaweka kipimo ndani ya kioo cha dashibodi. Jambo jema, ila kioo kiliandika kwa maandishi ya huko lilikotoka, vijumba vijumba na vifito, na hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kuvisoma. Mkandarasi naye alikuwa ameliendesha miaka mitatu kwa kubahatisha.

Baba Mdogo hakuona tatizo. Asubuhi ya kwanza alitia mashine zake oili, kisha akatoka nje na galoni, akafungua kifuniko cha injini akalitia na gari. Si nyingi, chupa ndogo ya soda ikafika nusu. Asubuhi ya pili hivyohivyo. Alifunga kifuniko akapiga boneti makofi mawili ya upole, kama unavyompiga mgongoni mtoto aliyemaliza uji.

Wiki ya pili, taa ikawaka. Alituita wote tukaone. Mimi nilichungulia kwa nje, mkono kiunoni, kiapo changu kikiwa kizima. Kwenye kioo cha dashibodi palikuwa na picha ya manjano: kopo dogo lenye mdomo mrefu mwembamba, na tone mdomoni. Pembeni yake mstari wa yale maandishi.

"Tazameni," akasema, na nadhani sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile. "Kopo langu. Kama walikuja kulipiga picha."

"Linasemaje?" Mama Mdogo akauliza.

"Linasema nini tena? Linaomba."

Akalitia chupa nzima.

Hapo nilisema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. Nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango na kikombe changu. "Baba Mdogo," nikasema, "unalinywesha hilo au unalikaanga? Sisi tulifundishwa oili ikizidi injini inajikaba roho. Lakini mimi nani, nimeishia ukurasa wa arobaini."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Baba Mdogo naye akacheka, akafunga boneti. "Ukurasa wa arobaini na moja ndio unaosema liongezwe."

Jibu lilikuwa zuri, nikalipa heshima yake, nikacheka. Nikamaliza chai yangu. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kusema kwamba cherehani ukikizidishia kinakutemea na wewe unafuta kwa kitambaa, lakini injini imefungwa, haina pa kutemea. Sikusema. Gari lile lilikuwa limekula mwaka wangu wa pili. Likipaliwa kidogo, nani alie?

Lilianza kutoa moshi wa bluu wiki ya tatu. Likapita barabarani kama linafukiza mbu. Halafu likaanza kukohoa, kushtuka, kugoma kwenye mataa. Likapelekwa kwa Daktari.

Daktari ni fundi magari wa mtaa wa nyuma. Jina alilipata kwa sababu anasikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho amefumba. Akimaliza anavuta pumzi kabla ya kusema, kama vile ndugu wa marehemu waketi kwanza.

"Plagi zimelowa zote," akasema. "Zinabadilishwa. Na hizi si plagi za bodaboda, mzee wangu. Za gari hili zinakuja kwa ndege."

"Na mimi nitakuja kwa mguu," akasema Baba Mdogo.

Overloki ikauzwa. Ilinunuliwa na yule tunayemwita Mwanafunzi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Alijifunza kwa Baba Mdogo miaka minne, akaondoka kwa amani, sasa ana chumba kikubwa kuliko chetu na vyerehani tisa. Alilipa bei ya haki, akasema, "Mwalimu, ukiwa na pindo za kupiga overloki lete tu." Ikawa tunavuka barabara na vitambaa vyetu kwenda kulipia mashine yetu wenyewe itufanyie kazi, kipande kwa kipande.

Gari likarudi. Taa imezimika, moshi umekwisha, Daktari amemwaga oili chafu akaweka mpya, kwa kipimo. Asubuhi iliyofuata, baada ya kutia mashine tatu zilizobaki, Baba Mdogo akatoka na galoni.

Wiki mbili, taa ikarudi. "Limeomba," akasema. Likapewa.

Safari ya pili ilikuwa turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Daktari aliitoa akaiweka juu ya gazeti, kitu kama konokono wa chuma, inachuruzika oili. Bei yake ilikuwa mashine ya matundu ya vifungo, sawasawa, utadhani walipanga. Mama Mdogo aliweka mikono juu ya ile mashine wakati vijana wa Mwanafunzi wanaifungua.

"Mume wangu, na matundu?"

"Utatoboa kwa mkono. Wiki mbili tu, tukilipwa awamu ya kwanza tunaikomboa."

"Shati moja lina matundu saba."

"Najua."

"Na mashati ni mia tatu."

"Najua, mama, mimi ndiye niliyekata."

Alianza kutoboa. Alikaa mlangoni penye mwanga, mkasi mdogo, sindano, uzi wa kaki. Matundu ya mkono yanataka kushonwa ukingo mzima, la sivyo yanafumuka. Siku ya kwanza alitoa mashati matano. Siku ya nne kidole cha shahada kilikuwa kimechanika, akakifunga kitambaa, akaendelea kwa matatu. Mimi nilibandika vifungo, nikasimulia vichekesho. Alicheka vyote. Alikuwa anacheka huku anatazama sindano, na sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini hainui uso.

Awamu ya kwanza ikalipwa, lakini mashine haikukombolewa. Siku ileile Baba Mdogo anatoka kwa meneja, gari lilipoteza nguvu. Ukilikanyaga linanguruma, haliendi. Daktari akasikiliza kwa bisibisi yake, akavuta ile pumzi. Bomba la moshi limeziba ndani, kuna kichujio, kimejaa masizi ya oili. Kipya ni ghali kwa sababu ndani yake mna madini. "Madini gani?" nikauliza. "Ya kununua," akajibu. Awamu ya kwanza ikaenda, na juu yake cherehani cha kukanyaga.

Hicho kiliniuma. Kilikuwa cha kwanza kabisa, alikinunua kabla hajaoa, na umeme ukikatika ndicho kilichotulisha. Kilibebwa na watu wawili hadi ng'ambo ya barabara, kanyagio likizunguka peke yake njia nzima.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakuliacha. Tulimuuliza. Mama Mdogo alimuuliza siku moja akiwa ameshika shati la ishirini na sita la matundu ya mkono.

"Likiwa bovu ni chuma chakavu," akajibu. Alikuwa anachora mgongo wa shati kwa chaki, hainui kichwa. "Likiwa zima, naliuza leo na narudisha mashine zote tatu. Nyinyi mnaliona gari. Hilo ni duka langu limefichwa humo. Nikiliacha nimeliacha duka."

Maneno hayo yalikuwa na akili, ndiyo ubaya wake. Mjinga ungemkamata, ungemfungia ufunguo. Lakini mtu anayefikiri sawasawa kutoka kwenye kosa moja utamkamatia wapi?

Ikafika wiki ya tisa. Sare mia moja na kumi na nane zilikuwa tayari, zimepigwa pasi, zimefungwa kumi kumi. Bi Mkubwa peke yake ndiye aliyekuwa akishona, asubuhi hadi giza, na kila asubuhi alipata tone lake. Gari nalo lilipata lake. Jumatatu, njiani kwenda kupeleka sampuli ya kofia aliyoiulizia meneja, injini ikaanza kugonga. Kwanza polepole, kama mgeni mwenye adabu. Kisha kama mdai. Kisha ikanyamaza katikati ya barabara, na Baba Mdogo akashuka katika suti yake, akalisukuma kando pamoja na wapita njia wawili.

Daktari hakuhitaji bisibisi. "Injini imekufa. Ipo ya mtumba, nzima, naijua ilikotoka. Nikiifunga, unaondoka kama mpya."

Akataja bei. Baba Mdogo akatazama chini, na sisi wote tulijua kwamba moyoni anaitazama Bi Mkubwa.

Walipatana na Mwanafunzi jioni hiyo: kesho saa nne aje aichukue. Hesabu ya Baba Mdogo ilikuwa hivi: Jumatano injini inafungwa, Ijumaa gari linauzwa, Jumamosi mashine nne zinarudi, na kwa wiki moja iliyobaki tunashona kama vichaa, mimi nikiwemo. Asubuhi alinituma gereji nikatoe vitu vyake vilivyobaki garini kabla halijafumuliwa.

Nilikwenda. Lilikuwa limepaki chini ya bati, limelala upande mmoja, maana na zile springi zake za hewa zilikuwa zimeshakata tamaa. Kutoa vitu vilivyokuwa chini ya kiti cha dereva ilibidi niingie. Basi nikaingia. Kiapo changu kiliisha hivyo, bila sherehe, nikitafuta miwani ya kusomea na boksi la chaki. Kiti kilikuwa laini kweli. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Niliuzungusha nusu, bila kuwasha, ili nishushe kioo, joto lilikuwa kali. Dashibodi ikaamka. Kopo la manjano, tone, na mstari wa vijumba vijumba na vifito.

Sijui kwa nini siku hiyo. Nilitoa simu, nikaelekeza kamera kwenye maandishi, kama ninavyofanya kila siku kwenye chupa za mafuta ya nywele ili nimcheke aliyeyaandika. Simu ilifikiri kidogo. Halafu maneno yakageuka:

Oili imezidi kiwango. Punguza oili. Usiwashe injini.

Nilisoma mara tatu. Ilikuwa imenichukua muda wa kufungua pipi.

Daktari alikuwa chini ya gari jingine, miguu nje.

"Daktari. Kila ukifungua hili gari unakuta oili kiasi gani?"

"Nyingi," miguu ikajibu.

"Kuzidi kiasi?"

"Mara mbili ya kiasi. Mzee wako analiogesha."

"Mbona hukumwambia?"

Akajisukuma nje kwa mgongo, akaketi, akafuta mikono kwa tambara kidole baada ya kidole. "Nilimwambia mara ya kwanza. Nikamwambia, mzee, oili imo. Akaniambia, kijana, mashine haifi kwa kazi. Sasa mtu ananunua oili kwangu galoni kila wiki, ananijibu kwa methali, mimi nigombane naye?" Akanitazama. "Na wewe si ndiye uliyesomea? Nikasema nyumbani kwao kuna msomi."

Nikatia simu mfukoni.

Nilikimbia. Nilipofika dukani Mwanafunzi alikuwa ameshafika na vijana wake wawili, wamepiga magoti chini ya meza ya Bi Mkubwa, wanafungua boliti. Baba Mdogo alisimama pembeni anawaonyesha ipi ianze. Mama Mdogo alikuwa mlangoni na shati mapajani.

"Baba Mdogo, usinunue injini," nikasema. "Ni oili. Umeizidisha. Hiyo mpya nayo utaiua hivyohivyo."

Mama Mdogo akaanza kucheka. Hakuwa na kosa. Alikuwa amesikia sauti yangu, na sauti yangu huwa inaleta kicheko, mkono wake ukatangulia kushika ukuta. Mwanafunzi naye akatabasamu, anasubiri mwisho wa kichekesho.

"Sitanii," nikasema.

"Hutanii lini wewe," akasema Mama Mdogo, bado anafuta macho.

Nikampa Baba Mdogo simu. Nilikuwa nimepiga picha, picha ya kopo na maneno chini yake. Aliweka miwani niliyomletea. Alisoma. Akaisogeza mbali, akaisoma tena, midomo ikitembea.

"Hii 'punguza,'" akasema, "wanasema oili?"

"Ndiyo."

"Siku zote ilikuwa inasema hivi?"

"Siku zote."

Kicheko cha Mama Mdogo kilikuwa kimekwisha zamani. Vijana chini ya meza waliacha kufungua. Baba Mdogo alirudisha simu mkononi mwangu taratibu, skrini juu, kama mtu anayerudisha sahani isije ikamwagika.

"Wewe uliwahi kusema," akaniambia.

"Nilisema."

"Ulisema ukicheka."

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka." Alivua miwani. "Mwanangu, wewe kitu cha kweli huwa unakisema kwa uso gani, ili siku nyingine nikijue?"

Sikuwa na uso huo. Nilisimama nao huuhuu mmoja nilio nao. Hakuniambia kingine, wala siku hiyo wala tangu siku hiyo, na laiti angenitukana ningejua mahali pa kuanzia.

Aliketi kwenye kiti cha Bi Mkubwa akahesabu kwa sauti ya chini. Gari sasa ni chuma chakavu, awamu ya kwanza imeliwa, kodi ya mwezi ujao haipo. Sare mia moja na themanini na mbili hazijashonwa. Wiki moja na siku tano. Mashine moja, mikono mitatu inayojua kushona, mmoja umechanika kidole. Alihesabu mara mbili, fundi hakati kabla hajapima mara mbili, na mara zote mbili haikutosha.

"Hazishoneki," akasema. Akamgeukia Mwanafunzi. "Una vyerehani vingapi sasa?"

"Kumi na viwili, Mwalimu. Pamoja na vyako."

"Nitakupa na hiki. Nitakupa vitambaa vyao vyote, vilivyokatwa na visivyokatwa. Na mkataba. Nitakupeleka kwa meneja mimi mwenyewe, nimwambie sare zinamaliziwa kwako. Unazimudu kwa wiki moja na siku tano?"

Mwanafunzi alitazama marobota, akatazama mashine. Alikuwa na aibu, na alikuwa anapiga hesabu. Vyote viwili vilionekana. "Nazimudu."

"Na mwakani ni zako."

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Mkataba ndivyo unavyosema. Si mimi."

Mama Mdogo aliweka shati chini. "Na sisi?" akauliza. Hakumuuliza Mwanafunzi, alimuuliza mumewe, lakini aliyejibu ni Mwanafunzi, haraka, kabla aibu haijamshinda.

"Nafasi ipo. Mwalimu nafasi yako ipo, tutaelewana kwa kipande. Na Mama matundu asitoboe tena, mashine ipo."

"Kwa kipande," Baba Mdogo akarudia. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine maneno hayo.

Tulihamisha saa ileile. Vijana walibeba Bi Mkubwa, mimi nikabeba marobota, safari saba kuvuka barabara. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku kumi na tisa, akamwachia mwenye nyumba pamoja na kioo. Gari Daktari alilinunua kwa bei ya vipuri, na bei hiyo ililipa ile oili ya wiki za mwisho ambayo ilikuwa bado haijalipwa, ikabaki ya kutosha chakula cha jioni.

Chumba cha Mwanafunzi kina kelele, vyerehani kumi na vitatu na redio. Mafundi wake ni vijana, wanashona huku wanabishana juu ya mpira. Baba Mdogo alipoingia, wawili walisimama kumpa kiti. Akawaambia wakae.

"Umenipangia nini?" akamuuliza Mwanafunzi.

"Chagua mwenyewe, Mwalimu. Mifuko ni rahisi, haichoshi macho."

"Nipe kola."

"Kola zina kazi."

"Ndiyo maana. Kola zako zinalala, tangu zamani. Walinzi wataonekana wamevaa kazi ya watu wawili."

Vijana walicheka, wakamtazama bosi wao waone kama ni halali. Mwanafunzi hakucheka. Alikwenda mwenyewe kuleta robota la kola, akalifungua juu ya meza, akaandika jina la Baba Mdogo kwenye daftari la mafundi, chini kabisa, baada ya kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita.

"Kipande ni bei ileile kwa wote," akasema, hamtazami.

"Sawa, bosi," akasema Baba Mdogo, akavuta kiti.